Mpwa Wangu na Bunduki ya Mtumba

Saa saba usiku simu ililia. Mpwa wangu aliye Texas, ambaye mpaka leo hajazoea kwamba Nairobi tunalala wakati yeye anatoka kazini, alikuwa ametuma picha. Bunduki tatu zimelazwa juu ya kaunta ya duka, kila moja na kijikaratasi cha bei kimefungwa kwa uzi penye kifyatuo. Chini ameandika: "Mjomba, hii ya katikati ndiyo ya Babu. Nilipe?"

Kabla ya kustaafu nilifanya kazi miaka mingi katika ghala la silaha za serikali. Kazi yangu ilikuwa kuzipokea, kuzisafisha, kuzihesabu na kuziandika daftarini. Sikuwa mpiganaji. Lakini katika ukoo wetu hilo linatosha kunifanya mtaalamu wa chochote chenye mtutu, na swali la mpwa si geni kwangu. Hata vijana wa hapa Nairobi huniuliza, wale wanaotazama video za bunduki za kale kwenye simu wakidhani ni kitu cha kwenda kuchagua Jumamosi baada ya chai. Kwa hiyo nililijibu kwa urefu, na jibu lenyewe ni hili.

Kosa la mpwa ni la wanunuzi wengi wa mara ya kwanza. Ameanza na jina. Ameipenda bunduki, akapewa hadithi yake, akaangalia bei, na mambo matatu yenye uzito, yaani ruhusa, risasi na hali ya chuma, ameyaacha mwisho. Mimi ningeupindua mpangilio huo: ruhusa kwanza, risasi ya pili, chuma cha tatu. Jina na hadithi vije baadaye kama kuna nafasi.

Bunduki za mabaki ya jeshi ni mitumba, na ukiifahamu Gikomba, soko letu la nguo za mitumba, umeshafahamu nusu ya habari. Jeshi linapobadilisha silaha, zile za zamani huingizwa ghalani, hukaa miaka au miongo, kisha huuzwa kwa wingi kwa wafanyabiashara. Uingereza ilianza kuiweka kando Lee-Enfield yake katika miaka ya 1950. Uswisi ilitengeneza bunduki yake ya K31 hadi 1958. Muungano wa Sovieti ulizihifadhi Mosin-Nagant kwa mamilioni, zikiwa zimepakwa grisi nzito, na uliposambaratika maghala yale yakaanza kufunguliwa. Bale likifunguliwa, wa kwanza hupata kamera, zile nguo safi zisizo na doa. Wa mwisho hubaki na fagia, yale makombo ya chini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mmarekani aliweza kupata Mosin nzuri kwa chini ya dola 100, na wengi walizinunua kama mtu anavyonunua jembe. Leo hiyo hiyo ni dola mia kadhaa, na kinachoonyeshwa kwenye kaunta mara nyingi ni fagia iliyopigwa vanishi.

Biashara hii ina kovu pia. Bunduki iliyomuua Rais John F. Kennedy mwaka 1963 ilikuwa mtumba wa jeshi la Italia, Carcano ya milimita 6.5, iliyoagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago. Bei yake pamoja na darubini ilikuwa dola 19.95, bila gharama ya posta. Mwaka 1968 Marekani ikapitisha sheria iliyokomesha uuzaji wa namna hiyo kwa posta na kufunga mlango wa mabaki ya majeshi ya nje. Mlango ulifunguliwa tena miaka ya 1980, kwa zile tu zinazohesabiwa kuwa kumbukumbu za kale. Ndiyo maana nyingi ya zilizoingia tangu hapo zina muhuri mdogo wa kampuni iliyoziingiza, umepigwa kwenye mtutu au ubavuni. Wakusanyaji huuchukia muhuri huo. Mimi siuchukii, kwa sababu unakuambia bunduki iliingia kwa njia gani.

Kwetu hakuna bale

Kwa msomaji wa Nairobi sehemu hii ni fupi, na si ya kufurahisha. Kenya haiuzi mabaki ya jeshi kwa raia. Mwaka 2016 bunduki haramu 5,250 ziliteketezwa kwa moto pale Ngong, na 2021 zikateketezwa nyingine 5,144. Kuna mkataba unaobeba jina la jiji letu, Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo, ambao unazitaka nchi wanachama zikusanye na kuharibu silaha zilizozidi au kupitwa na wakati, na kuwazuia raia kumiliki bunduki zinazojipakia zenyewe. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inaziweka bunduki za kivita zinazojipakia katika kundi la silaha zilizopigwa marufuku. Umri wake haujalishi. SKS ya 1950, bunduki ya Kisovieti inayojipakia, hata ikitulia kama mzee wa kanisa bado ni marufuku.

Bunduki ya komeo, ile ambayo kila risasi unaiingiza kwa kuvuta na kusukuma mkono wa chuma, haimo katika kundi hilo. Lakini usiruke kwa furaha. Sheria inataka uwe na cheti kabla ya kununua, na ili kukipata lazima uiridhishe mamlaka ya leseni kwamba una sababu nzuri na kwamba silaha mikononi mwako haitahatarisha usalama wa umma. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo "nataka kuwinda" si sababu. "Babu alikuwa nayo" nayo si sababu. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita wenye bunduki wote wahakikiwe upya, na wapo waliokwenda na bunduki wakarudi na mikono mitupu. Katiba yetu ya 2010, kwa urefu wake wote, haina kifungu kinachokupa haki ya bunduki. Ukiipata ni kwa ridhaa ya serikali, na ridhaa huweza kuondolewa.

Jambo moja nimeulizwa na watu wawili tofauti, na wote walikuwa wamekaa kitako kabisa: je, jamaa wa ng'ambo akiifungua vipandevipande na kuitia kwenye kontena pamoja na friji na viatu? Jibu ni kwamba umetenda kosa kule kwa kuisafirisha bila kibali na umetenda kosa huku kwa kuiingiza bila kibali, na mwenye kontena atapoteza friji na viatu pia. Sitaki kusikia tena swali hilo.

Kwa hiyo mapenzi ya Mnairobi kwa bunduki hizi yanabaki kwenye makumbusho na majina. Kenyatta Avenue wamesimama wale watu watatu wa shaba, sanamu la 1928 la kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza. Soko la Kariakor lina jina la kikosi chenyewe cha wapagazi, Carrier Corps, likiwa limesagwa na ndimi zetu. Na Keya, jina ambalo wazee waliliita jeshi la King's African Rifles, bado linatajwa kwenye mazishi. Baba ya mama ya huyu mpwa wangu, yaani baba yangu mzazi, alikuwa Keya. Katika Vita vya Pili alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Bunduki aliirudisha siku aliyoachishwa jeshi, akatia kidole gumba kwenye daftari. Alichokuja nacho nyumbani ni koti la sufu ambalo mama alilitumia baadaye kufunika gunia la mahindi.

Ruhusa ya Texas

Marekani mambo ni mengine, lakini si holela kama video zinavyoonyesha. Mpwa ana kadi ya kijani, na hapo ndipo nilipoanza kumuuliza, kwa kuwa rafiki zake wengi hawana. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliye kule kwa viza ya muda, pamoja na mwanafunzi, kununua au hata kushika bunduki, isipokuwa kwa masharti machache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Dukani utajaza fomu iitwayo 4473, na muuzaji atapeleka jina lako likaguliwe na FBI kabla hujakabidhiwa chochote.

Fomu ile inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kijana wa kwetu aliyezoea kusajili laini ya simu ya binamu kwa kitambulisho chake huliona swali hilo dogo. Si dogo. Kununua kwa niaba ya mwenzako asiyeruhusiwa, huku ukitia sahihi kwamba ni yako, ni kosa la jinai la shirikisho, na kwa mtu ambaye bado hajawa raia linaweza kumgharimu hata makaratasi ya kukaa. Zawadi ya kweli ni jambo jingine, lakini hata zawadi haipewi mtu aliyekatazwa na sheria.

Kuna pia leseni ya mkusanyaji wa silaha za kale, dola 30 kwa miaka mitatu, inayomruhusu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi kupokea moja kwa moja bunduki zilizotimiza miaka 50 zikiwa katika umbo lake la asili. Mnunuzi wa mara ya kwanza haihitaji. Afadhali anunue ya kwanza dukani, ambako anaweza kuishika.

Jamaa walio Uingereza huuliza pia. Huko cheti hutolewa na polisi baada ya kukaguliwa, bunduki kubwa zinazojipakia ziliondolewa mikononi mwa raia mwaka 1988, na ya komeo bado inawezekana. Wengi huipitia kwenye klabu ya kulenga shabaha.

Risasi ndiyo bei yenyewe

Bunduki utailipia mara moja. Risasi utazilipia kila mwezi. Hili nililisema mara tatu kwenye simu na mpwa akawa anasema "ndiyo mjomba" kama anavyomjibu mamake.

Kila moja ya bunduki hizi ilizaliwa na risasi yake, na nyingine zimebaki yatima. Lee-Enfield hula .303. Mosin hula 7.62×54R, ambayo imeanza kazi 1891 na bado inatumika katika majeshi mpaka leo. Mauser ya Kijerumani hula 7.92×57, ile ya Sweden 6.5×55, na K31 ya Uswisi 7.5×55. Zote hizo bado zinatengenezwa. Kiwanda cha Prvi Partizan huko Serbia, kwa mfano, kinazitoa zikiwa mpya. Lakini kuna bunduki za bei ya kutupwa ambazo risasi zake ni za kutafutwa kwa tochi. Kabla ya kuuliza bei ya bunduki, uliza bei ya sanduku la risasi ishirini kwenye duka hilo hilo, kisha zidisha kwa idadi ya Jumamosi unazotarajia kwenda uwanjani. Mara nyingi hesabu hiyo peke yake huamua.

Kisha kuna risasi za kale, zinazouzwa kwa bei nafuu ndani ya makopo ya bati. Wapya wengi huharibu bunduki zao hapa, na najua kwa sababu tulikuwa tukipokea ghalani mitutu iliyoliwa namna hiyo. Nyuma ya kila risasi kuna fataki, kile kikombe kidogo kinachogongwa na sindano na kuwasha baruti. Fataki za zamani zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa chumvi ya jikoni na ina tabia ile ile: huvuta unyevu. Usiku mmoja wa masika unatosha. Asubuhi unatazama ndani ya mtutu unaona vumbi la rangi ya matofali.

Mtu huchukua mafuta ya bunduki na kusugua, akiamini amesafisha. Mafuta hayayeyushi chumvi. Yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chini kwa chini. Kinachoyeyusha chumvi ni maji, tena ya moto. Unaondoa komeo, unamimina maji kutoka upande wa chemba, pale risasi inapokaa, mpaka yatoke mdomoni, unakausha kwa vitambaa mpaka kitambaa kitoke kikavu, ndipo unapaka mafuta. Wazee wa Keya walikuwa na faneli ndogo kwa kazi hiyo. Mwalimu wangu wa kwanza ghalani, mzee mmoja wa Mombasa aliyekuwa na vita vyake na unyevu wa pwani, alitumia birika ya chai, na hakuna aliyethubutu kuinywea chai birika ile.

Kusoma chuma

Sasa shika bunduki. Ya kwanza kabisa, vuta komeo uhakikishe chemba ni tupu, kwa macho na kwa kidole, hata kama muuzaji amekuambia ni tupu, hata kama ameitazama mbele yako. Muuzaji mzuri hatakasirika. Akikasirika, umeshajua jambo.

Toa komeo, weka kijitaa upande wa chemba, tazama kutoka mdomoni. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda inayoizungusha risasi ili iruke imenyooka. Kingo zake zinatakiwa ziwe kali na zikimbie bila kukatika. Mtutu mweusi si lazima uwe mbaya. Mara nyingine ni uchafu wa miaka themanini tu, na ukisugua unang'aa. Kibaya ni vishimo, kama uso uliopona ndui, na kibaya zaidi ni mifereji iliyoisha kabisa karibu na mdomo. Pale mdomoni ndipo risasi inapoaga bunduki, na ukingo ukiwa umelika upande mmoja kwa sababu askari wengi walisafisha kwa fimbo ya chuma wakiisugua ukingoni, risasi itatoka imesukumwa upande. Muulize muuzaji kama unaweza kuingiza ncha ya risasi mdomoni mwa mtutu. Ikizama mpaka shingo ya ganda iguse, mdomo umechoka. Hiki ni kipimo cha haraka tu, lakini kimeniokoa.

Baada ya mtutu, kuna pengo ambalo halionekani kwa macho. Komeo likishafungwa, uso wake unatakiwa ulikaribie tako la risasi kwa kipimo maalumu. Pengo likizidi, risasi inapolipuka ganda la shaba hunyooka kurudi nyuma kujaza nafasi, na likinyooka kupita kiasi hukatika, moto ukarudi kwa mpigaji. Mafundi hupima kwa vipande vya chuma vilivyokatwa kwa umbo la risasi: juu ya kimoja komeo lazima lifunge, juu ya kingine lazima likatae. Ndiyo maana komeo la bunduki nyingine halitiwi kwenye hii kwa sababu tu limeingia, na ndiyo maana nambari iliyochongwa kwenye komeo ilinganishwe na iliyo kwenye mwili wa bunduki. Lee-Enfield ya Nambari 4 ina ujanja wake: kichwa cha komeo hufunguliwa na kubadilishwa, na vilitengenezwa vya nambari 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, ili fundi wa jeshi arekebishe pengo bila kubadilisha komeo zima. Ukikuta kichwa cha nambari 3, jiulize bunduki imefyatuliwa mara ngapi.

Nambari zikilingana usishangilie haraka. Karakana za Sovieti zilizikarabati Mosin kwa maelfu baada ya vita, zikachanganya vipande kisha zikachonga nambari upya ili zifanane. Chongo la pili huwa na mwandiko mwingine, wakati mwingine nambari ya zamani imepigwa mstari. Kwa mkusanyaji ni dosari. Kwa anayetaka kulenga shabaha si kitu, maadamu pengo limepimwa.

Mengine nitayapitia mbiombio. Mbao ya kitako ikiwa na ufa nyuma ya komeo, iache. Herufi DP kwenye Lee-Enfield zina maana kwamba ilishushwa cheo kuwa ya gwaride tu, isipigwe. M1903, bunduki ya komeo ya Marekani, ikiwa ya kiwanda cha Springfield yenye nambari chini ya 800,000, au ya Rock Island chini ya 285,507, ilitengenezwa kwa chuma kilichopikwa vibaya ambacho kimewahi kupasuka, itundike ukutani. SKS ina sindano inayocheza huru ndani ya komeo, na grisi ya ghalani ikigandia humo bunduki inaweza kufyatuka yenyewe mara komeo linapofunga, kwa hiyo ioshe yote kabla ya risasi ya kwanza. M1 Garand, ile ya Kimarekani inayojipakia, tamu kama ilivyo, haipendi risasi nyingi za kisasa za kuwindia. Fimbo inayoendesha komeo lake hupinda. Kwa haya mawili ya mwisho ushauri wangu kwa mgeni ni kwamba bunduki ya kwanza iwe ya komeo. Ina vipande vichache vya kukuficha siri.

Ile ya katikati

Nikarudi kwenye picha. Kushoto ilikuwa Mosin ya 91/30, imepakwa vanishi mpaka inametameta. Kulia ilikuwa K31, sura mbaya, kitako chake kimeliwa upande wa chini kama kilichotafunwa na panya. Katikati ndiyo hiyo ya Babu: Lee-Enfield fupi yenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta, ile ambayo watu huiita bunduki ya msituni. Ndiyo iliyokuwa na bei kubwa kuliko zote. Muuzaji alikuwa amemweleza mpwa kwamba ilipita Burma mikononi mwa askari wa Afrika. Aliijuaje? Alimsikia mpwa akitaja Babu, basi.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii ilikuwa imetembezwa kwa hadithi. Ile bunduki fupi, Nambari 5, ilianza kutengenezwa 1944, katika viwanda vya Fazakerley na Shirley tu, na uzalishaji ukaisha 1947. Babu aliyevuka Chindwin mwaka ule wa kwanza hangeweza kuiona kirahisi. Tena zipo nyingi za bandia: Nambari 4 za kawaida zilizokatwa mtutu baada ya vita na kuchomekwa tarumbeta, kwa sababu fupi iliuzika. Nikamwambia aombe muuzaji aondoe mbao ya juu. Ya kweli ilipunguzwa uzito kiwandani, kwa hiyo chuma cha mtutu karibu na chemba kimechongwa mabonde, na mwili wake umechongwa pia. Ubavuni wa kushoto imeandikwa kwamba ni Nambari 5.

Baada ya dakika ishirini picha zikaja. Mtutu laini, mviringo, hauna bonde hata moja. Ubavuni palikuwa pamesuguliwa na kupakwa rangi.

Mpwa alinyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kuruhusiwa, kama haiwezekani tu ikawa ni ya Babu. Nikamwambia bunduki ya Babu ilirudi kwenye daftari la mfalme, na kwamba akitaka Lee-Enfield ya haki aisubiri Nambari 4 nzima yenye komeo lake, ataipata. Lakini ile mbaya ya kulia aitie kijitaa.

Akaitia. Mtutu, alisema, unang'aa kama kioo cha kinyozi. Sikushangaa. Waswisi hawakupigana katika vita vile, na risasi zao za jeshi hazikuwa na ile chumvi ya kula chuma. Komeo la K31 huvutwa moja kwa moja nyuma bila kuinuliwa, nambari zake zililingana zote, na sanduku la risasi mpya lilikuwepo rafu ya nyuma, ghali kidogo kuliko za Mosin. Fundi wa duka alipima pengo mbele yake. Fomu ikajazwa, jina likakaguliwa, akalipa.

Nilisahau kumwambia jambo moja, nikampigia kesho yake. Askari wa Uswisi alikuwa na desturi ya kuweka karatasi chini ya bamba la chuma la kitako. Ni skrubu mbili tu. Nilisikia bisibisi ikiteleza, nikasikia akilaani kwa Kiswahili, kisha kimya.

"Mjomba," alisema, "kuna jina hapa. Na kijiji chake."

Akaniuliza kama Mswisi huyo angekuwa rika la Babu. Nilimwambia asome mwaka.